Salamu Ndefu za Mkalimani

Alikotoka sikujui. Waliojifanya wanajua walitaja kila mmoja mahali pake: huyu Tabora, yule Bukoba, na seremala mmoja aliapa kwamba ni Mzinza wa visiwani aliyemkimbia mke mkali. Nilipofika kambini na mwanangu Kabula mgongoni nilimkuta yeye ni jirani yetu tayari, na jina alilokuwa nalo ni moja tu, Mkalimani. Kama alikuwa na wana, sijui walimwita nani.

Kambi yenyewe ilikuwa ya mgodi mdogo wa dhahabu, magharibi ya Segese, miaka ile ya baada ya vita vya pili vya dunia. Siku hizi hata mdomo wa shimo lake umefunikwa na vichaka. Vyumba vilijengwa viwili viwili, mgongo kwa mgongo, na ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akigeuka kitandani unajua amegeukia upande gani. Ukuta wetu tulichangia na Mkalimani. Mume wangu, baba Kabula, alikuwa mtoboa mwamba kule chini, na Mkalimani alikuwa mgawa taa mdomoni mwa shimo. Zamani aliwahi kutafsiri ofisini na zahanati, kisha akaiacha kazi hiyo, jina likabaki.

Kiingereza wakati ule kilikuwa kinatafutwa kuliko dhahabu. Mtu mwenye maneno matatu aliweza kupandishwa akawa mnyapara, na mwenye manne alianza kuvaa soksi. Kwa hiyo kila saa kumi, wanaume wakishapanda na kunawa vumbi, baraza ya Mkalimani ilijaa kuliko kanisa la katekista na msikiti wa nyasi ukivijumlisha. Walikuja na maswali, na mkononi kila mtu ana chochote: yai, michembe ya viazi vikavu, kipande cha tumbaku. Yeye alipokea bila kushukuru. Asante ya Kiingereza, alisema, haitumiki kwa mayai yasiyofika sita.

Wanawake hakutufundisha. Alisema tukijua Kiingereza tutawatukana waume zetu kwa lugha mbili. Lakini hakuna sheria inayomkataza mwanamke kupepeta mtama mlangoni pake mwenyewe, na mtama wangu ulipepetwa miaka ile mpaka ukang'aa. Nilijifunza mengi kuliko waliotoa mayai.

Alikuwa na kitabu kimoja, amekifunga kwa kitambaa cha mfuko wa sukari. Mchwa walikuwa wamekila kutoka nyuma hadi karibu na katikati, na hili halikumsumbua hata kidogo. Akiulizwa jambo lililokuwa kwenye kurasa zilizobaki, alilisoma kwa sauti ya hakimu. Akiulizwa jambo lililokwenda na mchwa, alikifunga kitabu taratibu na kusema, "Hicho ni Kiingereza cha zamani. Wenyewe wameshakiacha." Kwa namna hiyo mchwa wa Segese walikipunguza Kiingereza kikawa lugha ndogo, ya kubebeka kwapani.

Neno alilokuwa hana ni moja: nimekosea. Aliwahi kuwaambia watu kwamba gudi moning ni mpaka saa nne, wiki iliyofuata akasema ni mpaka jua lipashe moto bati la karakana. Walipomkumbusha ya kwanza alijibu kwamba walisikia vibaya kwa sababu ya baruti. Masanja, rafiki wa mume wangu, mtu wa ubishi tangu tumboni, akamuuliza, "Na sisi wa chini, tusioliona jua?" Mkalimani akafikiri. "Chini ni asubuhi siku nzima," akasema. Tangu hapo vijana wa shimoni walisalimiana gudi moning mpaka wanapopanda saa tisa, na ukipita karibu na mdomo wa shimo ungedhani kule chini kuna nchi nyingine.

Halafu kukawa na jambo la sori. Mkalimani aliwafundisha kwamba sori ni pole, na kitabu chake hakikukataa. Siku moja kitoroli cha mawe kikapinduka chenyewe kikamkanyaga mguu Mzungu wa shimo. Watu wetu sita waliokuwa karibu, kwa adabu waliyofunzwa na mama zao, wakamzunguka, wakamwambia sori, sori, sori. Ukimwona mtu ameumia utanyamaza kama jiwe? Mzungu akasikia watu sita wanakiri kosa, akawaadhibu wote sita. Jioni walikuja barazani kwa hasira, na Mkalimani akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mzungu akiumia, nyamazeni," akaamua. "Pole yake atapewa kwao."

Wala msidhani alikuwa mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Sikumsikia hata siku moja akizungumza Kiingereza na Mzungu mbele yetu. Meneja, Kaburu mnene aliyekuwa akiongea kama anayetafuna mfupa, akipita, Mkalimani alivua kofia, akaitazama ardhi, akanyamaza. Wenye midomo walisema hajui kitu, anatuuzia upepo. Yeye alisema Kiingereza cha yule bwana kimevunjika na hataki kuambukizwa. Na huyu huyu aliyepiga marufuku Kisukuma barazani pake alikuwa akiwatukana mbuzi wake kwa Kisumbwa, tena Kisumbwa cha ndani hasa, mpaka akina mama wa Kisumbwa wakaziba masikio ya watoto. Alijipikia ugali mwenyewe, jambo lililotupa sisi wanawake kicheko cha miaka. Na mtu mmoja alipomwomba Kiingereza cha kumwambia mkewe kwamba anampenda, alikiangalia kitabu muda mrefu, kisha akamwambia, "Mwambie umefikisha ng'ombe wangapi. Atakuelewa."

Lililowashinda kabisa watu wetu ni salamu. Lazima niseme, kwa msomaji wa mbali, kwamba kwetu salamu si jambo la kupita. Ukikutana na mtu njiani unasimama. Unamuuliza hali, unamuuliza katoka wapi, ni mtoto wa nani, huko mvua imenyesha, ng'ombe wanaendeleaje, na yeye anakuuliza hayo hayo, na jinsi salamu inavyorefuka ndivyo heshima inavyokua. Mtu wa salamu fupi ni mwizi au ana choo kimembana. Sasa Masanja akauliza barazani:

"Mzungu akiniambia hau du yu du, najibu nini?"

"Unajibu hau du yu du."

"Yaani kaniuliza, nami namuuliza?"

"Ndiyo."

"Sasa nani anajibu?"

"Hakuna."

Masanja akawageukia wenzake. "Hawa watu wana mama kweli?"

Mkalimani akafungua kitabu, akawaonyesha. Ukurasa ulikuwepo, mzima, mchwa hawakuugusa. Alilirudia somo hilo mara nyingi, miaka kadhaa, na kila mara watu waliondoka wakinung'unika kwamba Kiingereza ni lugha ya wachoyo.

Nimecheka sana nikiyaandika haya, lakini yaliyonifanya nianze kuandika hayachekeshi.

Baba Kabula alianza kukohoa mwaka wa tatu. Mwanzo kikohozi cha asubuhi, kama cha kila mtoboa mwamba, cha kutema vumbi. Baadaye kikawa cha kutwa, na mavuno ya mtama yalipofika nikaona damu kwenye kitambaa alichokuwa akikificha chini ya godoro. Kila mtu mgodini alijua kifua kile kinaelekea wapi. Daktari akikigundua anakutoa shimoni na kukurudisha kwenu, usipogunduliwa unabaki na kufia pale. Baba Kabula aliapa harudi kwao Shinyanga mpaka awe na zizi lake mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia. Akaniambia kifo hakina haraka kama mimi. Daktari wa zamani alikuwa akikaa mezani, anauliza kwa mdomo wa mwingine, "Mzima?" na mtu anajibu, "Mzima," akajikaza asikohoe mpaka mlango wa pili. Mume wangu aliwahi kupita hivyo mara mbili.

Sasa ikaja habari kwamba daktari huyo ameondoka na anakuja mwingine, kijana, anayependa kumshika mtu mkono na kusemezana naye mwenyewe bila mkalimani. Kambi nzima ikashikwa na kiwewe cha salamu. Mimi nilishikwa na woga mwingine. Nilijua mume wangu atapita na safari hii, na nilijua hatafika ya nne.

Nikachukua matobolwa ya viazi vitamu kwenye ungo, nikaenda kwa Mkalimani asubuhi, wanaume wakiwa chini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama Kabula. Wanawake siwafundishi."

"Nina swali moja tu. Mtu akiwa anakohoa, na daktari akamuuliza hali, Kiingereza chake anasemaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Tena mwenyewe hataki kusema."

"Kama hataki kusema, Kiingereza cha nini?"

"Mkewe anataka aseme."

Akaacha kumenya viazi. "Anakohoa tangu lini huyo mtu?"

"Unajua tangu lini. Ukuta ni wa kwako pia."

Akakigeuza kiazi mkononi. Kisha akauliza, "Damu?"

"Tangu mavuno."

"Akirudishwa kwao atakula nini?"

"Nitalima. Mikono ninayo."

"Atakuchukia, mama."

"Anichukie akiwa hai."

Akachukua ungo, akamwaga matobolwa, akanirudishia ungo mtupu. "Nenda kapike," akasema. Nilirudi kwangu nimefura. Nilimwona ni mzee wa bure, mwenye kitabu cha mchwa na moyo wa jiwe, na nilisonga ugali siku ile kama ninayempiga yeye mwiko.

Saa kumi baraza ikajaa. Mkalimani akasimama, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasema neno ambalo hatujawahi kulisikia kinywani mwake.

"Nilikosea."

Watu wakatazamana. Mimi ungo ukanisimama mikononi.

"Ile salamu ya kuulizana bila kujibu," akasema, "niliwafundisha vibaya. Hiyo ni ya wao kwa wao, wakiwa na haraka. Mwingereza muungwana, akikushika mkono, anataka salamu ndefu. Nitawapa, kila mtu kwa cheo chake."

Mnajua walivyofurahi? Miaka yote walikuwa wakisema haiwezekani taifa zima lisalimiane kama wanaokimbia mvua, na sasa imedhihirika. Karani wa stoo, kijana wa shule ya misheni aliyekuwa akipita, alisimama akasema jibu la kwanza ndilo sahihi. Walimfukuza.

Mkalimani akawaita mmoja mmoja, akimnong'oneza kila mtu ya kwake na kumkaririsha mpaka ishike. Masanja, ambaye kifua chake kilikuwa kizima, alipewa maneno mawili: veri weli. Alilalamika sana. Akaambiwa cheo chake ndicho hicho. Baba Kabula alipewa ndefu kuliko wote, na alirudi nyumbani akitembea kama jumbe. Mkalimani alikuwa amemwambia maana yake ni kwamba, nashukuru bwana, mimi na nyumba yangu hatujambo, mifugo haijambo, na kazi yako inaendelea vizuri.

Akaanza kuifanyia mazoezi akinyoa ndevu. "Ai kofu, sa. Ai kofu deyi, ai kofu naiti. Ai kofu bladi."

Mimi nilikuwa nimeinama mekoni. Bladi nilikuwa naijua ni damu, ilitamkwa kila shimo lilipomuumiza mtu. Kofu nilikuwa naijua, ndilo jina la ile dawa nyeusi ya kikohozi waliyogawa zahanati. Nilitaka kumwambia. Upendo uliufungua mdomo wangu upande mmoja, na upande wa pili upendo huo huo ukaufunga, na mume wangu akanigeukia na povu shavuni, akaniuliza, "Nimelitamka vizuri?"

"Vizuri sana," nikamwambia.

Kwa siku tisa aliirudia, akijisifu kwa Masanja. Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona siku zile.

Siku ya daktari nilikuwepo, nimempeleka Kabula kutiwa dawa ya macho. Wanaume walipanga mstari nje ya zahanati, wamenawa, wamepaka mafuta. Daktari kijana alisimama mlangoni, akamshika Masanja mkono, "Hau du yu du?" Masanja akasema veri weli, akapita amenuna. Ikafika zamu ya baba Kabula. Akavua kofia, akasimama wima kama mtu aliyefika kwa wakwe, akaisema yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea.

Daktari hakuuachia mkono wake. Akamwomba aseme tena. Baba Kabula akaona amempendeza, akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, akageuka kuwaangalia wenzake.

Watu saba walitolewa kwenye mstari siku ile, wakakalishwa kwenye benchi kivulini. Walidhani wamechaguliwa kuwa wanyapara. Walikaa pale wakimcheka Masanja na maneno yake mawili, mume wangu ndiye aliyecheka zaidi, akakohoa, akafuta machozi ya kicheko, mpaka daktari alipoanza kuwaita ndani na kuwavua mashati.

Alasiri karani wa stoo akasoma majina ya waliotolewa shimoni, na kwa kuwa alikuwa na kinyongo chake, akawafasiria pia walichokuwa wamemwambia daktari. Walimfuata Mkalimani kama nyuki. Alikuwa ameketi barazani, anawangoja. Kiti wakakivunja. Kitabu walichokiacha mchwa wakakimaliza wao. Baba Kabula akamtemea mate mlangoni, mate mekundu, akamwita muuaji wa watoto wake.

Yule mzee akainuka, akajipangusa. "Hata hivyo," akasema, "mmetamka vizuri."

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale. Lilikuwa jambo la neno moja tu: mimi ndiye niliyemwomba. Sikulisema. Alinitazama mara moja, akageuza uso upesi asije mtu akafuata macho yake.

Baraza ile haikujaa tena. Wiki haikuisha tukapanda lori kurudi kwao baba Kabula, na nikalima kama nilivyoahidi. Yeye alikaa mwaka mzima kitandani na mlangoni. Kifua hakikupona, kifua kile hakiponi, lakini kilitulia. Mwaka wa pili akashika jembe. Tukalima pamba, akapata ng'ombe watatu, tukapata mtoto mwingine. Na kila jioni, akimaliza kula, alimtukana Mkalimani kama mtu anayesali. Mimi nilikusanya vyombo nikanyamaza. Hajui mpaka leo, na kama atasomewa haya, basi ndiyo atajua.

Nilimwona Mkalimani mara moja tena, Maganzo, mwishoni mwa miaka ile. Nilikwenda kuwauzia karanga wachimbaji wa almasi, nikamkuta kando ya barabara, ametandika mkeka, anauza chumvi kwa kibaba. Alikuwa amekonda. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Mama Kabula."

"Ni mimi. Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanikagua kichwa mpaka miguu, nikaelewa kwamba anatafuta alama ya msiba. "Baba Kabula?"

"Yupo. Anakutukana."

"Bado?"

"Juzi tu, tukipalilia pamba."

Akasogea mbele kwenye mkeka. "Akinitukana, anakatisha apumue?"

"Hakatishi. Anaanza na mama yako, anapitia ukoo wote, anamaliza na kitabu. Pumzi moja."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Sijapata kumwona akicheka namna ile. Nikamwambia kwamba nataka kusema ukweli nyumbani, umenielemea, kwamba si haki yeye abebe lawama yangu.

"Usimwambie," akasema. "Mimi ananihitaji wa kutukana. Mke anaye mmoja tu."

Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Nikamuuliza lililonisumbua miaka yote: mtu ambaye hakukubali kukosea hata kwa gudi moning, ilikuwaje akasimama mbele ya watu na kukubali kosa ambalo hakulifanya, kwa ungo wa matobolwa.

Akaisawazisha chumvi kwa kiganja. Kisha akaniambia juu ya daktari wa zamani, yule wa mezani. Kabla sisi hatujafika kambini, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wake. Watu walimvizia nje kabla ya kuingia, wakamsihi asiseme zaidi ya watakayosema wao. Daktari anauliza, mtu anasema mzima, naye anasema weli.

"Kazi ya mkalimani ni kusema alichosema mtu," akasema. "Nilikuwa hodari, mama. Sikuongeza, sikupunguza."

"Na wao?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akimtaja kila marehemu kwa kijiji chake, taratibu, na vidole vikamwishia kabla ya watu.

"Kumi na mmoja," akasema. "Wote niliwatafsiria sawasawa."